Maswali kwa Shangazi: Bei ya Filamu Imepanda, Tuhame?

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja. Huduma moja ya filamu ambayo wengi wenu mnailipia kila mwezi kwa simu au kwa kadi imepandisha bei. Wengine mliarifiwa mapema, wengine mlijua baada ya kukatwa. Nimechagua barua zinazouliza mambo tofauti ili tusirudie jibu lile lile. Kwa msionifahamu: kabla ya kushika safu hii nilikuwa keshia kwa wakala wa dikoda hapa Jinja, Main Street, nikipokea malipo ya vifurushi. Bei ikipanda mimi nilikuwa upande wa ndani wa dirisha, na mengi ninayowajibu nimeyajulia pale.

*Shangazi, shikamoo. Nina saluni Kisenyi, Kampala. Nimeweka televisheni ukutani, na wateja wanapenda tamthilia wakiwa wanasukwa. Nilikuwa nakatwa shilingi 30,000 kwa mwezi, sasa ni 38,000. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wenye saluni tulikubaliana wote tujitoe ili kampuni ijue hatuchezewi. Lakini nikipita kwa wenzangu naona bado wanaonyesha tamthilia zile zile. Nijitoe peke yangu? Na hizi kelele zetu zinafika huko juu kweli? (Mwenye saluni, Kisenyi)*

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho, maana hilo nimeliishi.

Siku ya kwanza ya bei mpya watu walikuwa wanajaa mlangoni kabla hatujafungua. Walikuja wakali. Walinigongea kaunta, wakaniita mwizi, wakaapa kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho. Kisha wakatoa pesa, nikawapa risiti, na mwezi uliofuata nikawaona tena kwenye foleni. Waliotutia hofu ni wengine kabisa. Kulikuwa na fundi cherehani aliyekuja kila mwanzo wa mwezi, noti zake amezikunja ndani ya kadaftari alimoandika namba ya dikoda kwa kalamu ya bluu. Bei ilipopanda alisoma karatasi tuliyobandika kwenye kioo, akauliza kifurushi cha chini yake ni shilingi ngapi, akalipia hicho, akashukuru. Ilipopanda tena, hatukumwona. Hakugomba na mtu. Jioni bosi alipofunga hesabu hakuniuliza nani alipiga kelele. Aliuliza namba ngapi za dikoda hazijalipiwa, na hesabu hiyo ndiyo iliyokwenda Kampala.

Kampuni kubwa za nje nazo zinahesabu hivyo hivyo, na hesabu zao tunaweza kuzisoma kwa sababu hisa zao zinauzwa sokoni. Chukua Netflix. Julai 2011, kule Marekani, walikuwa na huduma ya dola 9.99 iliyojumlisha DVD za posta na filamu za intaneti. Wakaitenganisha: kila moja dola 7.99, kwa hiyo anayetaka zote mbili alipe karibu dola 16. Watu waliwaka. Mkuu wa kampuni, Reed Hastings, aliomba radhi hadharani mwezi wa tisa, lakini ndani ya radhi hiyo hiyo akatangaza kwamba DVD zitahamia kwenye huduma yenye jina jipya, Qwikster. Hasira ikapanda zaidi, na Oktoba Qwikster ikafutwa kabla haijaanza kazi. Katika robo ya mwaka ya Julai mpaka Septemba walipoteza wateja wapatao 800,000 nchini Marekani. Ukitazama kilichobaki mwishoni utaona jambo moja linaloniuma mpaka leo: Qwikster ilikufa, bei mpya ikaendelea kuishi.

Walijifunza. Mwaka 2014 walipoongeza dola moja, waliwatoza wateja wapya tu, wa zamani wakaachiwa bei yao kwa miaka miwili. Muda huo ulipokwisha, 2016, robo ya pili ya mwaka walitarajia kuongeza wateja milioni 2.5, wakapata kama milioni 1.7, na wakawaeleza wenye hisa kwamba habari za bei ziliwafanya watu waondoke. Januari 2022 wakapandisha tena, kifurushi cha kati kikawa dola 15.49. Miezi mitatu baadaye idadi ya wateja duniani ilikuwa imepungua kwa 200,000. Sehemu ya upungufu huo ni kwa sababu walifunga huduma Urusi baada ya vita vya Ukraine kuanza, lakini Marekani na Kanada peke yake walikuwa wamepungukiwa na zaidi ya laki sita, na kampuni ikasema wazi kwamba sababu kubwa ni bei. Hisa yao ilianguka kwa zaidi ya theluthi ndani ya siku moja. Na hapo ndipo Hastings, aliyekataa matangazo ya biashara kwa miaka mingi, alikubali. Novemba ya mwaka huo huo wakaleta kifurushi chenye matangazo kwa dola 6.99.

Sasa linganisha na 2023. Mei mwaka huo walianza kuwabana Wamarekani wanaotumia akaunti ya mtu mwingine. Mitandao ilijaa viapo vya kujitoa. Mwaka ulipokwisha walikuwa wameongeza wateja karibu milioni 30. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Kwa hiyo ndiyo, sauti inafika, lakini ni ile ya anayeacha kulipa au anayeshuka kifurushi. Wenzako wa kundini wamelalamika bila kuacha, na kwa kampuni hao ni wateja walioridhika. Sikulaumu wala siwalaumu. Kukubaliana kundini ni rahisi, kuzima televisheni mteja akiwa kitini ni kazi.

Wewe ujitoe? Fungua daftari lako la saluni. Ongezeko ni 8,000 kwa mwezi. Kama kuna hata mteja mmoja wa kusuka anayekuja kwako badala ya kwenda kwa jirani kwa sababu ya tamthilia, hiyo 38,000 inajilipa na kubakiza. Kama wateja wako huja kwa mkono wako, na televisheni ni ya kupitisha muda, mwezi mmoja weka vituo vya bure uone nani ataulizia. Huduma hizi hazikufungi kwa mkataba wa mwaka: ukijitoa leo unaweza kurudi mwezi ujao, na akaunti yako utaikuta.

Na jambo hili nalisema kwa upole. Masharti ya huduma nyingi za aina hii, Netflix ikiwemo, yanasema akaunti ni ya matumizi ya nyumbani, si ya biashara. Hapo saluni wanaweza kukufungia bila kukurudishia kitu. Hilo nalo litie kwenye hesabu kabla hujaongeza hiyo 8,000.

*Shangazi, mimi ni dereva wa boda hapa Malaba mpakani. Nilijiunga kwa kadi ya benki ya mke wangu ili nione filamu mbili, kisha nikafuta programu kwenye simu nikidhani yameisha. Sasa mke wangu ameleta taarifa ya benki: wamekuwa wakikata kila mwezi, na mwezi huu wamekata zaidi. Nyumbani hakukaliki. (Dereva, Malaba)*

Kaka, kufuta programu kwenye simu hakukutoi kwenye huduma. Simu imesahau, kampuni haijasahau, na kadi bado iko kwao. Barua ya namna hii nimeipata mara nyingi, ya kwako nimeichagua kwa sababu umesema ukweli wote.

Usiku huu huu, kabla hujalala, ingia kwenye tovuti yao kwa anwani ya barua pepe uliyojiungia nayo. Kama umesahau neno la siri, omba jipya. Tafuta sehemu ya akaunti, bonyeza pa kujitoa, na usifunge ukurasa mpaka uone maandishi yanayosema huduma itaisha tarehe fulani. Piga picha ya skrini. Watakutumia barua pepe ya kuthibitisha, isipokuja, hujatoka. Kama ulijiunga kupitia duka la programu la simu, kwenye tovuti hutapata pa kujitoa. Utarudi kwenye duka hilo, ufungue orodha ya malipo ya kila mwezi, ukate hapo.

Kisha waandikie huduma kwa wateja, kwa heshima na kwa ufupi. Waambie hujafungua chochote tangu tarehe fulani na uombe wakurudishie. Wanaona kwenye mitambo yao saa na dakika uliyotazama mara ya mwisho, kwa hiyo hutahitaji kuwashawishi kwamba hukutazama. Si lazima wakubali, ila ombi la mtu asiyetumia huduma lina uzito kuliko la aliyetazama mpaka jana. Netflix wenyewe mwaka 2020 walitangaza kwamba watawauliza watu waliolala kwa muda mrefu kama bado wanataka huduma, na wasiojibu watawafungia akaunti. Nalitamani jambo hilo liwe sheria kwa kampuni zote. Pesa ya mtu ambaye hata hajui anakatwa si biashara ya kujivunia.

Mwisho nenda na mke wako benki, yeye mwenyewe aombe kadi isikubali tena malipo ya kampuni hiyo. Mwende wote wawili. Kadi ni yake, na yeye ndiye anayestahili kusikia kwa masikio yake kwamba imekwisha.

*Shangazi, nafundisha sekondari hapa Mbale. Kila mwaka dikoda inapanda, filamu za intaneti zinapanda, bando linapanda. UCC, tume yetu ya mawasiliano, wako wapi? Serikali inashindwaje kuzuia? (Mwalimu, Mbale)*

Mwalimu, nchi nyingine zimejaribu. Nigeria mwaka 2025 MultiChoice, wenye DStv na GOtv, walitangaza bei mpya kuanzia Machi. Tume ya huko ya ushindani na kulinda walaji, FCCPC, ikawaita na kuwaamuru wasubiri. Hawakusubiri. Jambo likafika mahakamani, na Mei mwaka huo Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Abuja ikasema tume haina mamlaka ya kuwapangia bei. Soko huria, bei ni ya muuzaji. Sasa angalia upande wa pili: kufikia Machi 2025 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imebaki na wateja hai milioni 14.5 Afrika nzima, pungufu ya milioni 1.2 katika mwaka mmoja. Hakimu hakuwazuia, lakini watu wa kawaida walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, kama yule fundi wangu.

UCC ofisi zao ziko Bugolobi, na malalamiko wanapokea. Kama umelipia dikoda na vituo havifunguki, au umekatwa pesa ya kifurushi usichokiomba, na kampuni hapa nchini haikusikilizi, peleka kwao ukiwa na risiti na tarehe. Hilo ni haki yako na usione aibu. Kuwaomba washushe bei ni jambo jingine.

Na serikali yenyewe inakula humu humu, lazima tuseme. Julai 2018 walituletea kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kila siku. Watu wakajificha nyuma ya VPN, zile programu za kuficha unachofungua mtandaoni, na 2021 ikaondolewa. Mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Data ambayo bila kodi ingekuwa shilingi 1,000 inakuwa 1,120 kwa ushuru, na VAT ikiwekwa juu ya hiyo unafika kama 1,322. Tangu Julai 2023 kuna pia asilimia 5 kwa kampuni za nje zinazotuuzia huduma za kidijitali. Kisheria hiyo analipa kampuni, lakini mimi sijaona muuzaji anayebeba kodi bila kuitafutia mahali kwenye bei. Ukiandika kwa mbunge wako, andika kuhusu hizo asilimia 12. Hiyo Bunge liliipitisha na Bunge linaweza kuiondoa.

*Shangazi, sisi ni wanafunzi watatu Kikoni, tunachangia akaunti moja. Tumesikia wanafungia wanaopeana neno la siri. Tutapona? (Mwanafunzi, Makerere)*

Inategemea mnalala wapi. Wanachoangalia ni nyumba, yaani watu wanaoishi pamoja mahali pamoja. Kama mko chumba kimoja na mnatumia Wi-Fi moja, kwao ninyi ni nyumba moja, na kuchangia kwenu si dhambi. Mmoja akienda likizo kwao Hoima anaweza kudaiwa namba ya kuthibitisha, itakayokwenda kwa mwenye akaunti. Kama mko hosteli tatu tofauti, tarajieni kufungiwa au kudaiwa malipo ya mtu wa ziada. Naelewa uchungu wenu: mwaka 2017 Netflix hao hao walitania mtandaoni kwamba kupeana neno la siri ni mapenzi. Walipotaka wateja walisema hivyo, walipowapata wakabadilika. Kifurushi kipya chagueni kwa idadi ya skrini mnazotumia kwa wakati mmoja. Watatu mnaotazama pamoja kwenye kompyuta moja mnahitaji skrini moja.

*Shangazi, mimi ni baba wa watoto wanne, Bombo. Niliamua kuvumilia bei mpya. Lakini bando langu linaisha ndani ya siku chache. Nikijumlisha, data inanimaliza kuliko filamu zenyewe. (Baba, Bombo)*

Baba, umeona kitu ambacho wengi hawajakiona, na ningependa kila msomaji akae na kalamu kwenye jibu hili. Tumekasirikia ongezeko la 8,000 wakati tundu kubwa liko kwenye data.

Netflix wanasema picha kali ya HD inakula mpaka gigabaiti 3 kwa saa, na ile kali zaidi ya 4K mpaka 7. Picha ya kawaida inakula kama 1. Kwenye mpangilio wa chini kabisa inashuka mpaka 0.3. Watoto wako wakitazama saa mbili kila siku, hizo ni saa 60 kwa mwezi. Kwa HD ni gigabaiti 180. Kwa mpangilio wa chini ni 18. Filamu ni ile ile, katuni ni ile ile, na kwenye skrini ya simu mtoto wa miaka sita hatakuambia tofauti.

Mpangilio huo wa chini haujiweki wenyewe. Usiposema lolote, mtambo unajichagulia kadiri ya kasi ya intaneti, na mtandao ukiwa mzuri unapanda juu. Ingia kwenye akaunti kwa kivinjari, fungua wasifu wa watoto, tafuta sehemu ya kucheza video, uchague matumizi madogo ya data. Kila wasifu una mpangilio wake, kwa hiyo ukibadilisha wako tu, wa watoto utaendelea kunywa. Hapo hapo ondoa alama inayoruhusu kipindi kinachofuata kijianzishe chenyewe. Mtoto hulala, simu huendelea kucheza kifuani mwake mpaka usiku wa manane, na bando ni lako. Kwenye simu kuna pia sehemu ya kupakua: wakipata Wi-Fi shuleni au kwa mjomba, wapakue vipindi vya wiki nzima, watazame nyumbani bila data.

Ukishafanya hayo, rudi kwenye kifurushi. Kama unalipia cha HD na sasa mnatazama picha ya chini, unalipia kitu usichotumia. Shuka.

*Shangazi, dada yangu yuko Nairobi. Aliniambia huko waliwahi kushusha bei badala ya kupandisha, na kuna wakati walitazama bure. Ni kweli? Mbona sisi wanatupandishia? (Mfanyabiashara wa nguo, Owino)*

Ni kweli. Netflix waliwapa Wakenya kifurushi cha bure cha simu tangu Septemba 2021, wakakifunga 2023. Na robo ya kwanza ya 2023 walishusha bei katika nchi 116, Kenya ikiwemo. Walieleza sababu bila kuzunguka: nchi hizo zote kwa pamoja zilikuwa hazifiki asilimia 5 ya mapato yao, na walishaona India kwamba bei ikishuka watu huongezeka. Huko walikuwa wamepunguza Desemba 2021, na mapato yao ya India yakakua kwa kasi zaidi mwaka uliofuata.

Dada yangu, hapo ndipo utaona bei inatoka wapi. Haitoki kwenye gharama ya kutengeneza filamu, kwa sababu filamu ni ile ile Nairobi, Kampala na Chicago. Inatoka kwenye makisio yao ya kiasi ambacho watu wa mahali fulani watalipa kabla ya kuondoka. Mahali walipoona watu hawaingii, walishusha. Mahali wanapoona watu wanalalamika na kulipa, wanapandisha, wanasubiri, wanapandisha tena. Hii kampuni mnayoilalamikia inatupima sasa hivi, mwezi huu, sisi wa Uganda. Jambo hili linanikera kweli, maana wengi wetu hatujui kwamba tunapimwa.

Na kama unakatwa kwa dola, tazama pia siku unayokatwa. Shilingi ikilegea, bei yako hupanda bila kampuni kugusa kitu, na benki nyingine huongeza ada ya kubadilisha fedha. Linganisha taarifa za miezi mitatu kabla ya kugomba na mtu asiyehusika.

*Shangazi, yote ya nini? Hapa mtaani Katwe naweka filamu kwenye flashi kwa shilingi chache, imeshatafsiriwa na VJ, nacheka na watoto. (Fundi simu, Katwe)*

Ma-VJ wetu, wale wanaosimulia filamu za nje kwa lugha zetu, nawapenda, na tafsiri zao zimewafungulia filamu watu ambao Kiingereza kiliwafungia mlango. Lakini filamu iliyo kwenye ile flashi ni mali ya mtu, na sheria yetu ya hakimiliki ya 2006 inasema hivyo. Usifikirie tajiri wa Hollywood peke yake. Mfikirie Isaac Nabwana na wenzake wa Wakaliga, waliotengeneza filamu kwa pesa ya mfukoni na waigizaji wenyewe wakazitembeza DVD nyumba kwa nyumba, wakijua wana wiki moja hivi ya kuuza kabla nakala za wizi hazijajaa mjini. Kama huwezi bei mpya, na wengi hawawezi, kuna vituo vya bure vya dijitali na kuna filamu ambazo watengenezaji wenyewe wameziweka YouTube. Hizo tazama bila kuangalia nyuma.

*Shangazi, mume wangu anataka tubaki na dikoda kwa ajili ya mpira, mimi nataka huduma ya filamu kwa ajili ya tamthilia zangu. Zote mbili zimepanda. Anasema zangu ndizo zikatwe. Naona nadharauliwa. (Mke, Walukuba)*

Jirani yangu, Walukuba si mbali na kwangu, ningeweza kuja tukaongea, lakini jibu hili litawafaa na wengine.

Dirishani nilikuwa naona ligi ya Uingereza inapoisha Mei, akina baba wanapotea mpaka Agosti. Dikoda zinazimwa, hakuna anayelalamika, na mechi za kwanza zikikaribia foleni inarudi. Wao walikuwa wameshajua siri ya kulipia kitu wanapokitumia tu. Mume wako huenda anaifanya bila kuiita jina.

Kwa hiyo Juni na Julai dikoda ipumzike na pesa hiyo iende kwenye tamthilia zako. Wewe nawe usikae na huduma ya filamu mwaka mzima. Subiri tamthilia unayoipenda itoke yote, lipia mwezi mmoja, itazame mpaka mwisho, jitoe siku hiyo hiyo. Utaendelea kutazama mpaka mwezi uliolipia uishe. Miezi mingine ya msimu wa mpira, shukeni kifurushi cha dikoda mpaka kile cha chini chenye mechi anazozitaka, na mechi kubwa asizozipata aende kibandani na rafiki zake. Andikeni kwenye karatasi mwezi gani ni wa nani, muibandike karibu na televisheni, na kila mmoja aweke sahihi yake.